Nani Anapewa Darasa la Kwanza?

Mtoto alikuwa ameshika kitabu juu chini, na alikuwa anasoma vizuri kuliko wenzake wote wa dawati lile. Sauti haitetemeki. Penye nukta anatua, penye mkato anapumua, na kidole kinatembea kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyofundishwa. Shida ilikuwa moja tu: kidole kilikuwa kinapita juu ya picha ya kuku aliyelala chali, miguu hewani, na maneno yaliyokuwa yanamtoka mtoto yalikuwa ya ukurasa mwingine kabisa.

Afisa elimu kata hakucheka. Alikipokea kitabu taratibu, akakigeuza, akaiziba picha kwa kiganja, kisha akaomba asomewe mstari wa chini. Mtoto akatazama mlango. Akaonyeshwa neno moja, kuku. Akatazama mlango tena. Akaonyeshwa silabi moja, ku. Hapo uso ukamng'aa. Akavuta pumzi akaanza wimbo tangu mwanzo: "Ka, ke, ki, ko, ku!" Alipofika mwisho akanyamaza, ameshinda.

"Huyu si mjinga," afisa aliniambia tulipotoka nje. "Ameshika kitabu kizima kichwani. Mwaka mzima amefanya kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe."

Ilikuwa Machi, darasa la pili, katika shule ya msingi ya kata moja mkoani Simiyu ambayo nimeombwa nisiitaje jina. Nilikwenda huko kufuatilia habari ya upungufu wa madawati. Madawati nitayaandika siku nyingine. Tangu siku ile kuna swali limenikaa, na kila shule ninayopita naliuliza kabla ya kuuliza ufaulu, vyoo au nyumba za walimu: hapa kwenu, darasa la kwanza kapewa nani?

Si kwamba nchi haijawahi kushtuka. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Watoto hao walikuwa wamekaa shuleni miaka saba, wamefanya mtihani wa kumaliza, wamefaulu, na wazazi wamewashonea sare mpya. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, sita kati ya watahiniwa kumi wakiwa na sifuri, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume ya kuchunguza. Mitaani kila mtu alikuwa na mchawi wake. Wengine walisema mitaala, wengine simu, wengine lugha ya kufundishia, na wapo waliosema watoto wa siku hizi wamelaaniwa.

Waliokuwa na jibu la kawaida zaidi hawakusikilizwa sana. Tangu 2010 vijana wa kujitolea wa mpango wa Uwezo, wa kupima stadi za watoto, walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba na karatasi moja yenye hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wanamkuta mtoto nyumbani, wanamwomba asome. Katika duru zao za mwanzo, karibu watatu tu kati ya watoto kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo. Mwaka 2013 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma kwa darasa la pili. Wastani ulikuwa kama maneno 18 kwa dakika, na waliosoma huku wakielewa hawakufika mmoja kati ya kumi. Jaribu mwenyewe kusoma maneno 18 kwa dakika nzima, saa mkononi. Ukifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshakuponyoka.

Kwa hiyo mtoto wa sifuri ya kidato cha nne hakuharibikia kidato cha nne. Aliharibikia kwenye mkeka wa darasa la kwanza, na kwa miaka kumi hakuna aliyemwomba asome peke yake.

Serikali ilichukua hatua, na hatua yenyewe ilikuwa nzuri. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na baadaye ule wa LANES, mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya ukaanza kutumika 2015. Utitiri wa masomo ukaondolewa. Asilimia 80 ya muda ikapewa kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK, na mengine yote yakabanana kwenye asilimia 20 iliyobaki. Likawekwa na lengo: mtoto anayemaliza darasa la pili asome maneno 50 kwa dakika, na aelewe anachosoma. Walimu wakaitwa kwenye mafunzo, vitabu vikachapwa. Januari 2016 ikaja elimu bila malipo. Watoto waliokuwa wamezuiwa na michango wakamiminika shuleni, na mwalimu aliyefundishwa mbinu za kuhudumia watoto 45 akafungua mlango akakuta zaidi ya 100.

Hapa inabidi nieleze jambo kuhusu lugha yetu, maana nadhani tunalichukulia poa. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Irabu ni tano na hazibadiliki. Ukiijua ka ya kaka, umeijua ya kalamu na ya kanzu, na hutakutana na nyingine imejificha. Watoto wa Uingereza wanapigana miaka na herufi zinazoandikwa na zisisomwe, au zinazosomwa vingine kila neno. Wetu wamepewa ufunguo unaofungua milango yote. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kulisoma neno la Kiswahili ambalo hajawahi kulisikia, na asikosee hata sauti moja.

Ila ufunguo huohuo umegeuka mtego. Silabi zinaimbika. Ba be bi bo bu ni wimbo, na darasa la watoto 100 likiimba pamoja linapendeza. Mgeni anayepita dirishani anasikia elimu. Ndani ya kwaya hiyo watoto thelathini wanasoma, arobaini wanafuata sauti, na thelathini wanatazama midomo ya wenzao. Mwalimu akiwa mbele na fimbo yake ya kuonyeshea hawezi kuwatofautisha. Yule mtoto wa kuku chali alikuwa mwimbaji hodari. Mwaka mzima alikuwa akipongezwa.

Simiyu ina la ziada. Nyumbani kunazungumzwa Kisukuma. Mtoto anaondoka asubuhi ameamkiwa mwangaluka, anafika shuleni anakutana na shikamoo. Kuku anamjua kama ngoko, maji kama minzi. Akifanikiwa kuunganisha m-a-j-i akalipata neno, bado hakuna kitu kinachowaka kichwani, kwa kuwa neno lenyewe si lake bado. Sisi wa pwani na wa mijini tunasahau hili. Tunasema Kiswahili ni lugha ya Watanzania wote, jambo ambalo ni kweli kwa mtu mzima sokoni, lakini kwa mtoto wa miaka sita anayechunga ndama kilomita nne kutoka barabarani ni ahadi tu.

Sasa niwapeleke chumba cha pili, darasa la kwanza la shule ileile. Watoto 112 kwenye daftari la mahudhurio, 97 wamefika siku ile. Madirisha hayana vioo, jambo ambalo kwa joto lile nilishukuru. Mwalimu ni mama wa makamo, mfupi, sauti yake ndogo kiasi kwamba darasa linalazimika kunyamaza limsikie. Hakuna anayeimba. Ukutani amebandika kadi alizokata kwenye maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi, na kila asubuhi anazichanganya kama karata kabla hajaanza. "Nikizipanga ka ke ki ko ku, wananiimbia," alisema. "Nikizivuruga, lazima wasome."

Kilichonifurahisha zaidi ni ng'ombe. Kwa mpangilio wa kawaida, ng' inangoja hadi herufi zote rahisi ziishe, kwa sababu ni sauti mwambatano na inasumbua. Yeye kaileta wiki za mwanzo. Watoto wake wanaitamka tangu kuzaliwa: mtoto kwa Kisukuma ni ng'wana, na ng'ombe ni ng'ombe kwa lugha zote mbili. Aliandika neno hilo ubaoni na darasa zima likaruka. Lilikuwa neno la kwanza shuleni pale walilokuwa wanalijua kabla ya kufika. Msichana mmoja aliuliza, kwa Kisukuma, kama anaweza kuandika pia jina la ng'ombe wa baba yake. Mwalimu akamjibu kwa Kisukuma, kisha akairudia sentensi kwa Kiswahili polepole, na kwa siku tatu zilizofuata, nasikia, madaftari yote yalijaa ng'ombe.

Mbinu yake ya pili haina jina. Saa ya uji, wengine wanapokuwa nje chini ya mwarobaini, yeye anaita watoto kumi. Mmoja mmoja. Kila mtoto anasoma dakika moja kutoka kwenye karatasi ambayo haina picha. Mwalimu hasahihishi, anasikiliza tu na kuweka alama kwenye daftari lake la kaunta: duara kwa anayesoma, mstari kwa anayeunganisha, nukta kwa ambaye bado. Siku kumi na mbili za shule na darasa zima limepita mbele yake. Anaanza upya. Wenye nukta anawakalisha mbele, na kila mmoja anamweka ubavuni kwa mwenye duara.

Nilimuuliza nani alimfundisha hayo. Akasema mengine aliyapata kwenye mafunzo ya EQUIP-Tanzania, mradi uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020 katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo. Daftari la nukta ni lake mwenyewe. Alichoka, alisema, kuulizwa na wazazi "mwanangu anaendeleaje" na kujibu "anaendelea vizuri" bila kujua.

Mimi nilisomeshwa la kwanza na mwalimu aliyekuwa akizeekea darasa hilohilo. Alikuwa amewafundisha kaka zangu wote, na katika mtaa wetu hakuna mtu aliyefikiri ni cheo cha chini. Alikuwa mkali kwa kalamu iliyoshikwa vibaya na mpole kwa kila kitu kingine. Sijui ni lini nchi ilianza kuwaona walimu wa aina yake kama walioshindwa kupanda.

Maana ukikaa kwenye ofisi za walimu na kusikiliza mgawanyo wa vipindi mwezi Januari, utasikia. Walimu wazuri, wenye uzoefu, wanagombewa na la saba. La sita na la tano hupata wanaofuata. La kwanza linaangukia kwa mgeni aliyeripoti juzi, kwa anayekaribia kustaafu na kifua kinamsumbua, kwa yule ambaye mwalimu mkuu ana kinyongo naye, au kwa kijana wa kujitolea anayelipwa na michango ya wazazi inapopatikana. Shule ya kuku chali, mwaka uliotangulia, darasa la kwanza lilipita mikononi mwa walimu watatu. Wa kwanza alikwenda likizo ya uzazi, wa pili akahamishwa, wa tatu alikuwa anajitolea na akapata kazi Bariadi. Kila aliyekuja alianza upya na a e i o u.

Huwezi kumlaumu mwalimu mkuu peke yake. Anapimwa kwa la saba. Afisa elimu wa halmashauri anapimwa kwa la saba, na mkurugenzi anapigiwa simu kutoka mkoani kwa la saba. Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini kila wilaya bado ina orodha yake, na kila mwalimu mkuu anaijua nafasi yake kama anavyojua tarehe ya mshahara. Basi nguvu yote inakwenda kule. Makambi yanaanza, wazazi wanachanga mahindi na maharage, watoto wanalala shuleni, taa zinawaka hadi saa nne usiku. Mwalimu wa la saba anapata chai, posho kidogo ikipatikana, na jina lake linatajwa kwenye mahafali. Mwalimu wa la kwanza hupata makamasi na vumbi la chaki, na matunda ya kazi yake yataonekana miaka saba baadaye kwenye hotuba ya mtu mwingine.

Methali ya samaki na ubichi wake tumeihubiri mpaka imechacha. Kila mgeni rasmi anaijua. Kisha anapanda gari kwenda kukagua kambi la la saba.

Watu wa wilaya hujibu kwamba tatizo ni fedha, na hawadanganyi. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho ni cha tangu enzi za MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati fedha hiyo ilikuwa karibu dola 10. Leo haifiki dola tano. Shule inanunua chaki, inalipa mlinzi, inabaki na deni la uji.

Lakini fedha nayo imepimwa. Kuanzia 2013 shirika la Twaweza, pamoja na watafiti wa uchumi, walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 nchini. Baadhi zilipelekewa ruzuku ya ziada moja kwa moja, nyingine hazikupewa fedha ila walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayefaulu KKK, na kundi la tatu likapata vyote viwili. Baada ya miaka miwili, shule zilizopata ruzuku peke yake hazikutofautiana na zile ambazo hazikupata kitu. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda. Sipendi sana wazo la kumlipa mwalimu kwa kichwa cha mtoto, naona lina hatari zake. Ila somo lililo chini yake silikwepi. Fedha iliyofika shuleni bila mtu wa kumtazama yule mtoto wa dawati la nyuma ilinunua vitu, na vitu havikumfundisha kusoma.

Kenya walipita njia nyingine. Mpango wao wa Tusome, ulioanza 2015 katika shule za umma nchi nzima, ulihakikisha kila mtoto wa madarasa ya mwanzo ana kitabu chake mkononi, kisha ukageukia maafisa wa tarafa wanaosimamia mitaala. Hao walikuwa na kazi nyingi za makaratasi na hawakuwa wanafika madarasani. Wakapewa tableti. Kila ziara ilirekodiwa na mahali ilipofanyika, na nauli yao ikahesabiwa kwa ziara zilizothibitika. Zaidi ya kumtazama mwalimu, afisa alitakiwa mwishoni mwa kipindi achague watoto watatu bila kupanga na awasikilize wakisoma. Watatu tu. Ofisini matokeo yakaonekana siku hiyohiyo.

Na kuna mji mmoja Brazil, Sobral, katika jimbo kame na maskini la Ceará, wenye watu kama 200,000, yaani ukubwa wa wilaya zetu nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waligundua kwamba karibu nusu ya watoto wa madarasa ya mwanzo hawakuwa wanasoma. Wakaacha kuteua walimu wakuu kwa fadhila za siasa na kuanza kuwapata kwa mtihani. Nguvu ya manispaa wakaielekeza kwenye madarasa ya mwanzo, na mara kwa mara watu kutoka nje ya shule walikuja kumsikiliza kila mtoto akisoma. Katika kipimo cha taifa cha ubora wa elimu, chenye alama 10, Sobral ilikuwa na 4.0 mwaka 2005. Mwaka 2017 ilikuwa na 9.1, ikiziacha nyuma manispaa tajiri za kusini. Naitaja kwa tahadhari, kwa kuwa wataalamu wetu wana tabia ya kwenda ziara ya mafunzo na kurudi na fulana. Kilichonivutia pale ni yale masikio: halmashauri nzima ilikubali kusikiliza watoto mmoja mmoja.

Afisa wetu wa kata ana pikipiki. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa maafisa wa kata nchi nzima, zilizonunuliwa kwa fedha za LANES, na ya kwake imebadilishwa mnyororo mara ambazo ameacha kuhesabu. Ana shule saba. Kwa barabara za kiangazi anaweza kuzifikia mbili kwa siku. Masika, mto ukijaa, mbili kati ya hizo saba ziko ng'ambo na hazifikiki. Mafuta yanakuja, kwa maneno yake, "kwa msimu, kama pamba". Yasipokuja anajaza kwa mshahara au hatoki. Na akitoka, mara nyingi ametumwa takwimu za haraka kuhusu vyoo, miti iliyopandwa au idadi ya wanafunzi wenye viatu, ambazo ofisi ya wilaya inazitaka kabla ya saa sita kwa WhatsApp.

"Kwenye fomu ya ukaguzi," alinionyesha, "kuna andalio la somo, azimio la kazi, zana, usafi wa mwalimu." Akapekua hadi mwisho. "Mtoto hayumo." Kwa hiyo ameongeza ukurasa wake wa mkono. Kila shule anayopita anachagua watoto watano wa la pili, anaziba picha kwa kiganja na kusikiliza. Yeye ndiye aliyekomaa Januari hadi yule mama akatolewa darasa la tano akapewa la kwanza. Mwalimu mkuu alimwona kama amemharibia timu.

Miradi imekuja mingi, na sitaki kuidharau. Shule Bora, nayo kwa fedha za Uingereza, inafanya kazi Simiyu na mikoa mingine minane. Tusome Pamoja ya Marekani ilikuwa Morogoro, Iringa, Ruvuma, Mtwara na Zanzibar hadi 2021. Kisha 2025 Marekani ikaifunga USAID, na kazi za aina hiyo zikakatika njiani kama basi lililoharibika, abiria wakashuka na mizigo yao. Walimu waliobaki na kitu ni wale ambao mbinu iliwaingia mikononi. Vitini vinafungia maandazi.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioanza nao wakiwa la tatu watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba la mwisho litamaliza. Januari 2028 vikosi viwili vitabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Wizara inazungumzia vyumba, na inapaswa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka saba ya kubahatisha sasa ana sita. Mwalimu wa la tatu aliyezoea kusema "watakamata huko mbele" ameondolewa huko mbele.

Nilirudi katika shule ile Agosti, safari hii kweli kwa ajili ya madawati. Afisa wa kata hakuwepo, alikuwa wilayani kwenye kikao. Niliomba kumwona yule mtoto wa kuku chali. Alikuja akikimbia, kaptula imefungwa kwa kamba ya katani. Kumbe katika miezi mitatu iliyofuata ziara yangu ya kwanza, mama wa darasa la kwanza alikuwa amemuita, yeye na wenzake kumi na wanane wa la pili, kila saa ya uji wakae nyuma ya watoto wake. Nilimpa gazeti nililokuwa nalo, nikaikunja picha isionekane. Alisoma kichwa cha habari kwa kuvuta, silabi kwa silabi, bila wimbo. Lilipofika neno "maendeleo" alisimama kwenye nde, akarudi nyuma, akaipita. Sijui kama alilielewa. Lakini alikuwa anatazama herufi.

Nikauliza mwalimu wake yuko wapi, nimpe hongera.

Mwalimu mkuu alinyoosha kidole upande wa pili wa uwanja, kwenye vyumba vya la saba ambako magodoro yalikuwa yameanikwa madirishani. Moko ya wilaya ilikuwa imewatupa nafasi ya tatu kutoka mwisho. Mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. "Yule mama ni moto," alisema, bila ubaya wowote, kama kocha anayemsifu mshambuliaji. "Tangu Juni nimemhamishia la saba. Tunamhitaji pale."

Na la kwanza?

"Tumepata kijana wa kujitolea. Ana moyo."

Nilisubiri gari langu chini ya mwarobaini. Kadi za maboksi ya sabuni, nilizoziona kupitia dirishani, zilikuwa bado ukutani, zimepangwa vizuri kwa mstari. Kijana alikuwa mbele na fimbo. Darasa zima, sauti moja, lilikuwa linaimba ba be bi bo bu, na kwa kweli lilikuwa linapendeza.